Lakshmi Avuka Mfereji

Asubuhi iliyofuata mwezi mpevu wa mwisho wa mvua, Rampari alikuwa amechutama kando ya kibanda chake akibandika samadi ya nyati wa kufugwa ukutani ikauke iwe kuni, alipoziona nyayo zikiteremka kutoka mtaa wa juu, kwa akina Jha, Wabrahmini wa tabaka la makuhani. Zilikuwa nyayo nyeupe, ndogo, za uji mzito wa mchele uliosagwa, zile ambazo wake wa Kibrahmini huzichora sakafuni kwa ncha ya kidole ili Lakshmi, mungu wa kike mwenye neema ya ghala na chungu, aijue njia ya kuingia nyumbani. Ila hizi zilikuwa zimegeuka. Zilitoka mlangoni kwa akina Jha, zikakata uani, zikafuata kingo za shamba la mpunga, zikauvuka mfereji ambao watu wa mtaa wa Rampari, mtaa wa wachuna ngozi, hawauvuki mpaka waitwe. Sasa zilikuwa zikijichapa vumbini moja baada ya nyingine, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, wala hapakuwa na mtu juu yake. Zilipomfikia Rampari zilimkwepa, zikapita katikati ya kuku, zikaingia ndani.

Rampari alinawa mikono kwanza, kisha akazifuata.

"Nani huyo kaingia bila hodi?" aliuliza Sukani, mama mkwe wake. Macho ya bibi huyo yalikuwa na ukungu wa miaka, lakini masikio yake yalisikia hata siri za jirani.

"Ni Lakshmi, mama."

"Wa kwa nani?"

"Wa kwa akina Jha."

"Basi mwambie asikanyage mkeka wangu. Ndiyo kwanza nimeutandika."

Hakuukanyaga. Alikwisha panda ukutani, juu ya mtungi wa mchele, akakaa vile vile anavyochorwa katika nchi ile: uso wa upande, jicho moja kubwa kama samaki, mwili wa mistari miwili miwili iliyojazwa vistari vidogo katikati, ua la yungiyungi mkononi. Alikuwa bapa kama jani. Alipotaka kumtazama mtu aliyekaa upande wa pili hakugeuza shingo. Pua ilihamia upande ule na jicho likaifuata.

"Mna chakula?" aliuliza.

"Kuna mkate wa ulezi wa jana na mchuzi wa konokono wa bwawani," alisema Rampari. "Si chakula cha kukupa wewe."

"Nani kakwambia? Kule mwaka nenda mwaka rudi ni mbegu za yungiyungi na maziwa. Mbegu za yungiyungi na maziwa! Tia pilipili."

Rampari alisita. Picha kusema hakukumshangaza. Kilichomtia kigugumizi ni kwamba hakuwahi kumpa chakula mtu yeyote wa kule juu kikapokewa. Yeye ndiye aliyewakata vitovu watoto wote wa akina Jha, kama alivyofanya mama mkwe wake kabla yake; na kila mara, siku za uzazi zilipokwisha na nyumba ikaoshwa, mikono ile ile iliyomtoa mtoto ikawa haigusiki tena. Maji ya kunywa alimiminiwa viganjani kutoka juu, mmiminaji akisimama mbali kama anayemwagilia mche wa miiba.

Alipakua. Lakshmi alikula mpaka akafuta bakuli kwa kipande cha mkate.

Kule juu, Indrakala, mke wa kuhani Panditi Fulkant Jha, aliziona nyayo zake zimegeuka akadhani amechora kwa usingizi. Akapangusa sakafu, akasaga mchele upya, akachora tena. Kulipokucha zilikuwa zimeelekea nje. Alichora zaidi na zaidi, na kila asubuhi njia ya kwenda mtaa wa chini ilizidi kuwa nyeupe, mpaka ikaonekana waziwazi kama barabara. Mwishowe alishuka mwenyewe, akasimama kwenye ukingo wa mfereji, ushungi umeshikwa puani.

"We Rampari! Umemfanyia nini?"

"Sijamfanya kitu, bibi mkubwa. Amekuja kwa miguu yake."

"Mtu haji hivi hivi. Mmemwita kwa uchawi wenu."

"Tungekuwa tunajua kuita," Sukani alidakia kutoka ndani, "si tungemwita kabla mto haujabeba nyati wetu? Au unadhani tulikuwa tunamngoja aoge?"

Indrakala alijifanya hakusikia. Alisimama akichungulia mlango wa giza wa kile kibanda.

"Anakula nini huko?"

"Konokono, bibi mkubwa."

Alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mama anayemuulizia binti aliyetoroka.

"Anakula vizuri?"

"Anaomba kuongezwa."

Indrakala aligeuka akarudi kwake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda Lakshmi akiwa nyumbani. Mtungi wa Rampari haukukauka mchele. Pampu ya mtaa, ambayo tangu iwekwe ilitoa maji ya kutu, ilianza kutoa maji meupe. Mbuzi waliokuwa wakizaa mmoja mmoja walizaa mapacha. Kule juu magunia ya mpunga yalifunguliwa yakakutwa pumba tupu, na Panditi Fulkant alinunua mchele dukani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Bilat, mume wa Rampari, aliyekuwa Punjab akivuna ngano za watu, alipigiwa simu akaelezwa.

"Yuko ukutani kwetu?" aliuliza. "Haya. Muulize kama anaweza kuniombea likizo kwa tajiri."

Lakshmi alisema likizo si kazi yake.

Jioni moja alimwita Rampari karibu. "Binti, wewe si unachora?"

"Nachora tembo. Na kasuku. Miungu haturuhusiwi."

"Utazame mkono wangu."

Rampari alitazama. Mkono ulioshika ua ulikuwa na vidole vinne.

"Walinichora kwa haraka, wageni walikuwa mlangoni," alisema Lakshmi. "Wakanipaka rangi juu kwa juu. Tangu hapo kila mwaka wanaiga hicho hicho. Nitie cha tano."

Rampari alikwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na utomvu wa mgunga, akachonga kijiti cha mwanzi. Alichora mstari, akachora wa pili kando yake, akajaza vistari katikati. Lakshmi alikikunja kile kidole, akakikunjua.

"Sasa nashika," alisema.

Siku zile Rampari alichora kama aliyekuwa na kiu. Alipata manjano, alipata kijani cha majani ya kunde, akazungushia samaki, mianzi, kobe na jua lenye pua, mpaka kuta zote nne zikajaa, na watu wa mtaa wakawa wanakuja kukaa tu sakafuni kutazama. Hakuna aliyeomba kitu. Walikuwa hawajawahi kuingia mahali alipo mungu wakaketi, wakataka kwanza kujua inavyokuwa. Rampari mwenyewe alianza kutembea wima. Alidhani, Mungu amsamehe, kwamba jambo limekwisha amuliwa.

Panditi Fulkant alikuja mchana, na wazee wa Kibrahmini nyuma yake, wakasimama ng'ambo ya mfereji. Rampari alitakiwa auondoe mlango ili waone. Panditi alivaa miwani, akatazama kwa muda.

"Ni yeye," alisema.

Wazee wakakubali kwamba ni yeye.

"Mama," Panditi alimwambia Lakshmi kwa Kisanskriti, lugha ya ibada, na kisha kwa lugha ya nyumbani, "tumekukosea nini? Rudi." Lakshmi, aliyekuwa anatafuna, alihamisha pua upande wa pili.

"Na huyu hali konokono," Panditi alisema, sasa akiwaambia wenzake.

"Mbona anao mdomoni?" aliuliza Sukani.

Wazee walikaa kikao barazani kwa Panditi. Hakuna aliyebisha kwamba Lakshmi amehama, maana mapumba yalikuwa ghalani kila mtu akiyaona. Walichojadili ni mahali alipohamia. Mungu hakosei, alisema mmoja. Kwa hiyo kama amechagua mahali pale, mahali pale ni patakatifu. Na kama ni patakatifu, alisema mwingine, wachuna ngozi hawawezi kuendelea kukaa pale. Hilo lilionekana wazi kwa wote, na kikao kikamalizika kabla tambuu hazijaisha sahanini.

Panditi alimletea Rampari habari kwa upole. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Hapa patajengwa hekalu."

"Hapa ni kwangu, Panditi."

"Hapa ni ardhi yetu. Baba mkwe wako aliruhusiwa kukaa, hakupewa. Furahi, mama. Ni vibanda vingapi vimepata heshima hii?"

"Na sisi?"

"Nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko kuna nafasi."

"Nyuma ya tuta ni mto!"

"Haujai kila mwaka," alisema Panditi.

Sukani alibebwa na mkeka wake, akiwatukana wabebaji mmoja mmoja pamoja na mama zao, ambao wote aliwazalisha. Kisha wanaume wa kule juu walilaza mbao juu ya mfereji ili wasikanyage matope ya mtaa, wakavuka. Waliimwagia nyumba maji ya mto mtakatifu wa Ganga na mkojo wa ng'ombe kuitakasa. Kuta tatu walizipaka chokaa. Tembo, kobe na jua vikazama ndani ya weupe. Ukuta wa nne waliupaka kuzunguka Lakshmi, kwa uangalifu, kwa brashi ndogo. Panditi alipoukaribia mkono akaona kidole kilichoongezwa. Alikijua kuwa ni kazi ya nani. Akakikwangua kwa wembe. Ukuta ulitoka damu kidogo, wakaikandamiza kwa pamba mpaka ikakoma. Mwishowe Indrakala alivua puani hazama yake ya dhahabu, aliyovaa tangu siku ya harusi yake, na fundi akaigongomea puani mwa Lakshmi kwa msumari wa shaba. Wakaweka lango la chuma. Mfereji ukachimbwa mwingine, chini zaidi, upande wa mtaa.

Asubuhi ya pili nyayo zilionekana kwenye tuta. Zilikuwa zimepauka, na kando yake kulikuwa na matone mekundu. Rampari alikuta mgeni amekaa kwenye ukuta wa makuti ya kibanda kipya, mkono umefungwa kwa pindo la sari, tundu la msumari puani.

"Kuna nini jikoni?" aliuliza Lakshmi.

Rampari alimpa chakula. Alikwangua masizi, akakichora kidole upya, taratibu, asije akamtonesha. Alipomaliza hakuinuka.

"Mama," alisema, "wewe wanakuogopa. Huwezi kuwaambia neno, turudishiwe nyumba?"

"Nilikwisha waambia. Nilihama."

"Hawakusikia?"

"Walisikia. Ndiyo maana wamejenga."

Lakshmi alikuwa anakijaribu kidole chake. Basi Rampari alitoka nje, akakaa juu ya tuta akiutazama mto, ambao ulikuwa umefika nusu ya ngazi za udongo alizochonga Bilat alipokuja kwa likizo, maana likizo aliipata, hata kama si kwa maombi ya mtu. Alilia pale kidogo kwa hasira, akajifuta uso, akaenda kukamua mbuzi.

Mchele haukuisha mtungini nyuma ya tuta, lakini sakafu haikukauka. Lakshmi alikuwa na uwezo juu ya vyungu. Ardhi ina wenyewe. Mvua zilipokuja walipandisha mtungi, mkeka na Sukani juu ya kitanda cha kamba, na Lakshmi akapanda karibu na paa, maji yakapita chini yao kwa siku kadhaa kisha yakashuka.

Mwezi mpevu wa mwisho wa mvua, wa sherehe ya Lakshmi, uliporudi, hekalu liliagiza kuni za samadi za kupikia karamu, na Rampari akazipeleka kichwani alasiri. Kengele zilikuwa zinapigwa. Watu walijaa kuanzia kule juu hadi langoni, wengine wametoka vijiji vya mbali kwa basi, maua na nazi mikononi. Alitua kikapu upande wake wa mfereji. Kupitia nondo za lango aliuona ukuta wa nyumba yake, mweupe wote. Katikati palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia hazama. Panditi Fulkant alikuwa akiuzungushia taa ya samli ule msumari, na Indrakala, pua tupu, alikuwa amepiga magoti mbele yake akilia machozi ya kweli.

Rampari alingoja mpaka Panditi alipotoka kupokea kuni.

"Panditi," alisema kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele ya wageni. "Hayumo. Yuko kwangu, anamsuka mama nywele."

"Najua," alisema Panditi.

Alitazama chini. Jua lilikuwa mgongoni kwa Rampari, na kivuli chake kilikuwa kimeuvuka mfereji kikaegemea kizingiti cha lango.

"Sogea nyuma," alisema. "Umegusa."

Rampari alisogea nyuma. Kivuli kikatoka kizingitini, kikapita juu ya maji, kikarudi upande wake. Panditi akachovya majani ya mwembe kwenye chombo cha shaba, akanyunyiza pale kilipokuwa, akaingia ndani kuendelea na ibada.