Maneno ya Kapteni Bansaku

Nisikilizeni vizuri. Katika mtaa wetu wote wa maduka, kuanzia kwa kinyozi hadi kwenye reli, hakuna mkubwa wala mdogo anayeijua katuni ya Meli ya Theluji kunishinda mimi, Tetsuhei, mtoto wa muuza tofu, ile jibini ya soya. Na hasa ile sehemu inayopendwa na wote, dubu mdogo Koro anapoachwa kwenye barafu. Naijua neno kwa neno. Niamshe usingizini nikutajie nani kakohoa wapi.

Ndivyo nilivyotamba wiki nzima huku nimebeba ndoo za tofu. Mzee Gohei wa duka la redio alikuwa amepata filamu ya zamani ya sehemu hiyo, na angeionyesha uwanjani siku za Bon, wafu wanaporudi kutembelea nyumba zao.

Bibi Iwakura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akanikuta dukani. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa sauti ya Kapteni Bansaku, mwenye meli aliyemlea Koro. Alifariki mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo hii ingekuwa mara yake ya kwanza kurudi.

"Nitakuja na picha yake," akasema. "Nataka aisikie ile ya mwisho, pale kwenye barafu. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo aliyokuwa akiringia. Akionja pombe kidogo tu, ni hiyo hiyo."

"Na haki yake, bibi! Yale maneno! Mwili unasisimka."

Akanitazama kidogo. "Maneno," akasema. Akachukua tofu yake akaenda.

Jioni yenyewe watu walijaa, watoto mikekani, mapepeo ya karatasi yakipunga joto. Bibi Iwakura alikaa mbele kabisa, picha ya mumewe mapajani imetazama pazia la sinema, na kikombe cha chai ya shayiri kimewekwa mbele ya picha. Meli ikatokea, wimbo ukaanza, watoto wakaudaka. Ghafla spika ikakohoa, ikapiga mluzi, ikanyamaza.

"Mzee Gohei!" nikapaza sauti. "Spika yako imekufa? Basi itarudi Bon ijayo!"

Watu wakacheka. Kisha nikaiona ile picha, nikaacha kucheka.

"Tuzime tu," mzee Gohei akasema huku akijifuta jasho. "Samahani sana, Bibi Iwakura."

Bibi akaanza kuifunika picha kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ningefanyaje? Mdomo wangu ukawahi kabla yangu.

"Msizime! Nitawasemea wote mimi."

"Enzi za sinema bubu babu yangu alikuwa akisimama kando ya pazia akiwasemea wote, hata farasi," akasema mzee Gohei. "Wewe utaweza?"

"Hata farasi wa babu yako nitamsemea."

Bibi akaifunua picha.

Na mwanzoni niliweza, wallahi niliweza. Nikawa mpishi mwenye kigugumizi, nikawa upepo, nikawa nyangumi. Watoto walijigaragaza mikekani. Hata mzee Gohei alisahau spika yake. Kisha Koro akashushwa kwenye barafu, akaanza kulia, nami nikamlilia vizuri kabisa. Kapteni Bansaku akatugeuzia mgongo. Mdomo wake hauonekani. Mabega tu, na theluji.

Sasa hapa ndipo tatizo lilipokuwa. Kuanzia hapo sikujua kitu. Lakini nikajiuliza, mtu gani anaagana na mwanawe bila neno?

"Koro, mwanangu!" nikanguruma. "Bahari ni kubwa, lakini moyo wangu ni mkubwa zaidi! Kuwa jasiri! Usiwaogope walrasi na meno yao marefu!"

Kapteni bado amesimama. Nikaongeza kwamba samaki aliwe mbichi. Bado amesimama. Nikamwagiza amsalimie mama yake. Yule mtu hageuki! Nikaishiwa kabisa, nikamwambia Koro asisahau kupiga mswaki. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na juu ya kicheko hicho meli ikaondoka.

Taa zilipowaka, watoto walikuwa wakipigiana kelele, "Piga mswaki, Koro!" Nikainama kupokea makofi. Nilipoinua kichwa, Bibi Iwakura alikuwa amekwisha kuigeuza picha. Uso wa mumewe ulikuwa umelala kifuani kwake.

"Hakusema kitu, Tetsuhei."

"Nani, bibi?"

"Kapteni. Pale hasemi kitu. Walimwandikia hotuba, akaikataa. Akasimama mbele ya kipaza sauti akavuta pumzi tu, mpaka mwisho. Hiyo pumzi ndiyo niliyomleta aisikie. Spika ilipokufa nikasema si kitu, pale pana kimya tu, na kimya hakihitaji spika."

Makofi yalikuwa yamekatika. Masikio yaliniwaka moto. Mzee Gohei akajifanya anakunja waya.

"Labda," nikasema, "labda ile niliyoiona mimi, ya kwenye televisheni, walibadilisha kido—"

"Tetsuhei." Hakupandisha sauti, lakini hata watoto walimsikia. "Ukuta wetu ni mwembamba. Tangu ukiwa mdogo, dubu akianza tu kulia, nasikia ukijifungia kwenye kabati la magodoro: kwaa! Halafu mama yako, 'Toka humo, imekwisha.' Mwaka jana waliirudia, nikasikia tena kwaa, kisha mara ya pili, maana nadhani siku hizi miguu haienei."

Akakichukua kikombe cha chai, akakimwaga chini taratibu.

"Ulivyokuwa unatamba wiki hii, nikasema labda umekua."