Tarakimu Arobaini na Mbili

Fundi Wagdi Shalabi hakuwa na duka lenye vioo kwenye barabara kuu ya Dumyat, mji wa samani wa Misri. Hakuwa na mtoto wa kumwachia randa, wala mjomba ofisini, wala cheti cha shule ya mchana. Kusoma na kukokotoa alijifunza darasa la usiku, akiwa na miaka thelathini, vumbi la mbao likiwa bado nyuma ya masikio. Hakuwa na jina. Yaani jina alikuwa nalo, ila halikuwahi kuandikwa kwenye kiti hata kimoja kati ya vile alivyotengeneza kwa miaka arobaini. Wenye maduka walivinunua vitupu, wakabandika lebo zao, wakaviuza Kairo kama kazi yao. Na asubuhi ile ya Alhamisi, saa tatu kasorobo, hakuwa na njia ya kuingia kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Kompyuta ile aliiunda kwa mkono wake, kipande baada ya kipande, kama mtu aungavyo kabati. Ndani yake aliweka mifumo miwili ya uendeshaji. Mmoja ulikuwa wa bure, wa kuandikia barua na kusomea habari. Mwingine ulikuwa wa kulipia, kwa sababu programu ya kuchorea samani haikukubali kufanya kazi mahali pengine. Ukiwasha mashine, skrini ilikuuliza unataka kuingia upande gani. Mafundi wenzake walimcheka aliposafiri hadi Kairo kununua mfumo ule ndani ya boksi lake, wenye leseni na risiti, wakati Dumyat nzima ilitumia wa kunakili.

Sasa maktaba ya mkoa ilitaka viti mia mbili vya ukumbi wa kusomea. Kwa mara ya kwanza tangazo la zabuni lilisema karakana ndogo nayo iombe kwa jina lake, na jina la mtengenezaji lichomwe chini ya kila kiti. Walitaka michoro, orodha ya vipimo na barua, vyote ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, yenye mhuri wa posta usiopita Alhamisi hiyo. Posta ya mtaani ilifunga saa nane mchana. Barua ilikuwa tayari mezani. Michoro ilikuwa upande wa kulipia, haijachapwa.

Kosa lilianza Jumapili, bodi kuu ya kompyuta ilipokufa. Wagdi alinunua nyingine kwa Ramsis, muuza vipuri wa mtaa wa nyuma, akaifunga mwenyewe. Upande wa kulipia uliamka vizuri, isipokuwa haukukitambua kifaa cha mtandao cha bodi ile mpya. Pia ulimwonyesha kijitangazo cha Kiingereza, akakifunga kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akahamia upande wa bure, ambako mtandao ulifanya kazi, akakaa huko siku tatu akiandika barua ya zabuni, akiifuta na kuiandika upya, maana mwalimu wa usiku aliwafundisha kwamba barua isiyoandikwa mara tatu haijaandikwa.

Kijitangazo kile kilikuwa kinasema: umebakiwa na siku tatu za kuamilisha mfumo huu.

"Ihsan!" aliita. "Ihsan, njoo uone."

Mkewe alikuja na mwiko mkononi, kutoka kwenye chungu cha maharagwe. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyestaafu kutoka ofisi ya simu baada ya miaka ishirini na nane ya kuunganisha laini za watu.

"Imefunga mlango," Wagdi alisema. "Inasema bodi imebadilika, kwa hiyo hii si kompyuta ile niliyoilipia. Inataka nithibitishe kwanza."

"Si uthibitishe?"

"Kwa mtandao, na upande huu hauna mtandao! Upande wenye mtandao si huu!"

"Usinipigie kelele, mimi si bodi."

Wagdi alikaa. Chini kabisa ya skrini aliona njia ya pili: kupiga simu. Kulikuwa na namba ya Kairo, na chini yake mafungu tisa ya tarakimu ya kumsomea atakayepokea. Naye angemjibu kwa tarakimu nyingine za kuingiza.

"Simu," Ihsan alisema, akajifuta mikono kwenye aproni. "Hiyo niachie mimi."

Simu ya mezani ilikuwa sebuleni, na waya wake haukufika chumba cha nyuma. Ihsan alipiga. Muziki ulilia. Uliendelea kulia hata maharagwe yakaanza kunukia kuungua, na Wagdi mwenyewe akakimbia kuyaepua. Saa nne na dakika tano sauti ya kijana mmoja mpole ilisikika.

"Anauliza mfumo huu umeuweka kwenye kompyuta ngapi," Ihsan alipaza sauti.

"Moja!"

"Anasema moja, mwanangu... Anauliza, kama ni moja, mbona unaomba tena?"

"Mwambie bodi imekufa."

"Bodi imekufa, mwanangu. Jumapili." Akasikiliza. "Anatupa pole."

"Sitaki pole, nataka namba!"

Wagdi alisoma mafungu yale tisa kutoka chumbani, Ihsan akayarudia kwenye simu, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ile kavu aliyoitumia ofisini. Kisha Wagdi akasikia kalamu ikikwaruza. Ihsan aliingia na karatasi: mafungu saba, tarakimu sita kila fungu, mstari mmoja ulionyooka, kwa tarakimu za maandishi ya Kiarabu, mwandiko safi kama wa kitabu.

"Arobaini na mbili," alisema. "Nimezihesabu. Mimi nakwenda kuokoa maharagwe."

Wagdi alivaa miwani. Akaingiza fungu la kwanza, akalikagua. La pili, akalikagua. Akamaliza la saba. Akabonyeza.

Namba si sahihi.

Akafuta zote, akaanza upya, polepole zaidi, akigusa kila tarakimu kwenye karatasi kwa ncha ya penseli. Namba si sahihi.

"Ihsan! Umesikia vibaya."

Jikoni mfuniko wa chungu ukagongwa. Kisha mkewe akatokea mlangoni.

"Sema tena."

"Nasema huenda moja imekupita. Laini ya Kairo ina makelele..."

"Miaka ishirini na nane, Wagdi. Nimeunganisha madaktari, nimeunganisha wafiwa, nimemwunganisha mkuu wa mkoa na mama yake. Hakuna aliyewahi kuniambia nimesikia vibaya. Leo niambiwe na seremala?"

"Basi piga tena, muulize."

"Napiga. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya masikio yangu." Akaichukua karatasi, akaenda sebuleni.

Muziki ukalia tena. Saa tano ikafika, ikapita. Wagdi alisimama dirishani, akahesabu mwendo wa kwenda posta: dakika kumi na tano kwa miguu, ishirini kama kuna mvua, na mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mto. Kuchapa michoro kumi na minne kwa printa ile kongwe kungechukua saa nzima, kama haitakwama karatasi. Alirudi kwenye mashine, akaizima, akaiwasha upande wa bure, akajaribu kwa mara nyingine kuifungulia michoro huko. Mistari ilikuja. Vipimo vyote viligeuka nyota na alama za kuuliza. Miguu ya kiti ilikuwa imejitenga na kikalio, ikielea. Akaifunga upesi kama aliyemwona mtu uchi, akarudi upande wa kulipia.

"Amenisomea tena," Ihsan alisema kutoka sebuleni, na sauti yake ilikuwa imepoa kwa namna iliyomtisha Wagdi kuliko kelele. "Zote ni zile zile. Hata moja haijakosewa. Anasema kama inakataa, tungoje mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi yaishe, mpaka Jumapili, watatuma mtu wa kutusikiliza."

"Jumapili," Wagdi alisema.

Akaichukua tena karatasi, akaingiza mara ya tatu. Namba si sahihi.

Akamfikiria mwenye duka moja la barabara kuu, Bwana Munir, aliyemwambia juzi huku akitafuna meshabik, kitamu cha kukaanga: "Wewe Fundi tengeneza viti. Makaratasi tuachie sisi. Nitaomba mimi, wewe utakata mbao, sote tutakula." Lebo ya Munir ilikuwa ya dhahabu. Bila shaka bahasha yake ilikwisha fika.

Saa sita kasoro robo Wagdi alipokea simu kutoka mkononi mwa mkewe, bila kumtazama usoni, akampigia Ramsis, akamweleza yote, hata saa ya posta kufunga.

"Fundi wangu!" Ramsis alisema. "Nilikuambia nini siku ile? Nilikuambia usinunue. Aliyenunua ndiye anayesimamishwa mlangoni aulizwe maswali. Sisi tuliopitia dirishani tumelala zamani. Ninayo dawa kwenye flashi. Dakika mbili."

"Dawa yako ndiyo iliyoua mashine ya yule mshonaji."

"Ile ilikuwa dawa ya zamani. Hii mpya, tamu."

"Ramsis, nimenunua. Siwezi kuiba kitu nilichokwisha kununua."

"Basi usiibe. Nitaiba mimi, wewe geuza uso. Una saa mbili, Fundi. Nije au nisije?"

Wagdi alitazama karatasi ya mkewe. Hakuwahi kulala na kitu cha mtu ndani ya nyumba yake, hata msumari. Na michoro ile ikipita kwenye mashine iliyovunjwa kufuli, angeiwekea jina lake kwa mkono gani?

"Njoo," alisema.

Akaweka simu chini. Ihsan alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kifuani.

"Umemwita yule."

"Nimemwita. Masikio yako hayana kosa, leseni yangu haina kosa, na mlango haufunguki. Ungefanyaje wewe?"

"Ningemsikiliza mke wangu. Tangu asubuhi unatazama karatasi, hujanisikiliza. Ofisini kwetu namba haikabidhiwi kwa karatasi. Anayeipokea huisoma, anayeiandika hurudia. Kaa. Nitakusomea kama nilivyosomewa, na wewe urudie, ndipo nitajua nani kiziwi."

Wagdi alirudi kukaa mbele ya kompyuta, kwa kuwa kubishana kungekula muda zaidi. Ihsan alivuta kiti, akashika karatasi karibu na uso.

"Tatu, sifuri, nane. Moja, moja, nne."

Vidole vya Wagdi havikugusa kibodi.

"Hilo si la kwanza."

"Ndilo la kwanza."

"La kwanza linaanza na saba. Tisa, saba... hapana, saba, tisa. Nimeliingiza mara tatu, nalijua kama jina lako."

"Hilo ni la mwisho, Wagdi. La kwanza liko hapa." Akaweka kidole kwenye ncha ya kulia ya karatasi. "Nimeandika kama ninavyoandika kila kitu. Mkono unatoka kulia. Kwani wewe barua unaanzia wapi?"

Wagdi aliangalia kidole, kisha akaangalia skrini, vile visanduku saba vya Kiingereza vikianzia kushoto. Asubuhi nzima alikuwa ameingiza la mwisho mahali pa la kwanza. Kila fungu lilikuwa sahihi, na msafara mzima ulikuwa umegeuzwa kichwa kuwa mkia. Alijua kuandika kwa Kiarabu na alijua kusoma skrini ya Kiingereza. Darasa la usiku lilimpa vyote viwili, na asubuhi ile alivivaa kama viatu, cha kulia mguu wa kushoto.

Akafuta visanduku vyote. Akainamisha kichwa.

"Soma," alisema hatimaye. "Soma, Bi Ihsan. Narudia."

Ihsan alisoma, Wagdi akarudia. Kwenye fungu la nne mlango wa nje ukagongwa, hakuna aliyeinuka. La tano. La sita. Ramsis aliingia mwenyewe, flashi mkononi, akafungua mdomo, na Ihsan akamnyooshea kiganja bila kugeuka. La saba. Wagdi akabonyeza, akafumba macho.

Alisikia feni ya mashine ikivuma. Alisikia Ramsis akivuta pumzi.

"Fundi," Ramsis alisema. "Imefunguka."

Wagdi akafumbua macho, akafungua mchoro wa kwanza: kwenye skrini kulikuwa na kiti chake, miguu minne imekazwa mahali pake, vipimo vyote vinasomeka.

"Kwa hiyo nimefunga duka bure," Ramsis alisema.

"Hukufunga bure. Umekuja na pikipiki?"

Saa sita na dakika ishirini karatasi ya kwanza ilianza kutoka. Printa ilikwama mara mbili. Mara ya pili Wagdi aliivua kifuniko na kuichokonoa kwa patasi nyembamba, na mikono yake haikukosea, maana kazi ya patasi ilikuwa kazi yake. Ihsan alihesabu karatasi kwa sauti. Michoro kumi na minne. Orodha ya vipimo. Barua. Wagdi alitia sahihi kila ukurasa, jina lake lote, la babake na la babu yake. Kwenye ukurasa wa saba mkono ulikwenda kasi mno. Akasimama, akavuta pumzi, akaendelea.

"Saa saba na nusu," Ramsis alisema kutoka dirishani. "Na mvua imeanza."

Ihsan aliwasha mshumaa. Wagdi alikunja ulimi wa bahasha, akaushika kwa kidole gumba, na mkewe akainamisha kipande cha lakiri juu ya moto. Tone la kwanza likaanguka pembeni.

"Mkono wako, Fundi," Ihsan alisema. "Usiutikise."

"Ni wewe unayetikisa."

"Mimi sitikisi. Mimi naandika vizuri, nasikia vizuri, na namimina vizuri."

"Najua," Wagdi alisema. "Nilikosea. Sema tu nishike wapi."

"Hapo hapo."

Lakiri nyekundu ilitanda juu ya mkunjo. Wagdi akakandamiza mhuri wa shaba, akahesabu hadi kumi, akauinua. Akaifunga bahasha kwenye mfuko wa plastiki, akaitia ndani ya koti, kifuani, akapanda nyuma ya Ramsis.

Karani wa posta alikuwa ameanza kuteremsha wavu wa dirisha. Aliwatazama wanaume wawili waliolowa, akauinua wavu nusu, akanyoosha mkono. Akaipima bahasha, akaigeuza, akakagua lakiri, akabandika stempu na kupiga mhuri wa tarehe mara mbili. Kisha akaitupa kwenye gunia la Alhamisi na kulifunga kamba.