Mguu Usiosikia

Fundi alikuwa na sifa mtaa mzima: akikushonea, nguo inakukaa kama umezaliwa nayo. Ndiyo maana alipoona mshono wa gauni la bintiye umekwenda kama njia ya mlevi, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkosaji alikuwa mguu. Miaka yote alishonea cherehani ya kukanyaga: anavua viatu, kisigino na vidole vinapokezana, na yeye huku anapiga soga. Cherehani ile ikamfia. Binti akamnunulia ya umeme, inayotaka kubonyezwa taratibu tu, lakini mguu haukutaka kuelewa. Ulikanyaga vilevile kwa mazoea, na mashine ikachomoka mbio, ikasimama, ikachomoka tena. Na kesho binti, aliyesomea mambo ya ubongo, anapewa shahada yake ya udaktari. Fundi alishaapa kwamba siku hiyo mwanawe havai nguo ya dukani.

"Mama, ngoja niazime tu gauni kwa rafiki yangu," binti alisema.

"Uazime, na mimi ni mzima? Mguu ni wangu, mbona haunisikii?"

"Haujakudharau, mama. Ubongo umeshakariri. Ukivua viatu tu na kugusa pedali, ile kazi ya zamani inaanza yenyewe, wala haikuulizi leo unataka nini."

Hilo la viatu lilimwingia Fundi. Akaenda chumbani, akarudi amevaa viatu vipya vya sherehe, visigino virefu, akaketi kwenye mashine.

"Unakwenda wapi?" binti akacheka.

"Kazini."

Akachukua kitambaa chakavu, akatia alama ya chaki pale alipotaka sindano isimame, akaikazia macho. Kiatu kikabonyeza. Mguu, kama mgeni nyumba ya watu, ukawa na adabu. Sindano ikatembea, ikasimama juu ya chaki. Binti akapiga vigelegele. Wakaufumua ule mshono, na kabla jua halijazama gauni likawa tayari.

Kesho yake ukumbini viatu vilimbana, Fundi akavivua chini ya kiti. Binti akaitwa, akapanda jukwaani, joho wazi mbele, gauni limemkaa barabara. Fundi akavimba kwa fahari, machozi yakamtoka mbele za watu na wala hakujali. Kisha akahisi kitu huko chini: mguu mtupu unakanyaga sakafu, kisigino na vidole, kisigino na vidole.

Jana angeuonea aibu. Leo akauacha ukanyage. Mguu huo ndio uliomsomesha daktari.