Hadubini za Wageni

Mwaka wa pili huo Bernadeta alikuwa akisomea bioteknolojia katika chuo kimoja cha wananchi mjini Morogoro, na hadubini aliijua kwa kuichora. Kuichora alikuwa hodari, usimchezee: lenzi, kioo, taa, kila kitu na mshale wake. Kuishika, hapana. Hadubini nane walizoleta wafadhili zilikaa maabara zimevishwa mifuko ya nailoni, kama vile vikombe vya kabatini kwao Mgeta ambavyo hutolewa akija padri tu.

"Zikiharibika nitajibu nini? Nimezisainia mimi," alikuwa akisema Mwalimu Severin, mkuu wa maabara, kisha anafunga mlango na kuwarudisha ubaoni.

Haya, mtihani wa vitendo ulipofika, mifuko ikavuliwa, Bernadeta akapewa dakika kumi aonyeshe seli za kitunguu. Yeye, aliyekulia kwenye matuta ya mboga, ashindwe na kitunguu! Alizungusha hiki, akazungusha kile, akaambulia giza na kope zake mwenyewe. Akapata sapu. Mtihani ungerudiwa Jumatatu, na akifeli tena anadisko, yaani anafukuzwa chuo, anarudi kwao mlimani kumweleza mama yake, aliyemsomesha kwa kushusha matenga ya kabichi kichwani.

Wiki nzima aliomba afunguliwe ajizoeze, hata nusu saa. Mara nne alikwenda, mara nne aliambiwa asubiri.

Ijumaa wakaja wafadhili. Ungeiona maabara siku hiyo usingeijua. Sakafu imepigwa deki, mifuko imevuliwa, makoti meupe yamegawiwa. Bernadeta alikalishwa mbele kabisa, eti ana sura ya usomi.

"Inama uangalie. Usiguse kitu," Severin alimnong'oneza.

Akainama. Giza lilelile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akakatazwa hata kugusa.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akasimama kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaona nini humo?"

Severin alikohoa. Hasira ilimpanda Bernadeta.

"Sioni kitu, mama. Haijawashwa."

Yule mama akacheka, akidhani ni utani, akasogea kwenye meza ya Hatibu, mwanafunzi mwenzake. Picha zikapigwa. Wageni wakatoka kwenda uani kunywa soda, wanafunzi wengine nao wakawafuata.

Severin akaichukua mifuko yake ya nailoni.

"Inuka, binti. Tumemaliza. Na huo ujeuri wako tutauzungumza."

"Siinuki, mwalimu."

"Unasemaje?"

"Nina mtihani Jumatatu. Nifundishe, au niache nijifunze mwenyewe."

"Ikiharibika?"

"Ikiharibika mtaita fundi. Mimi nikidisko, mtamwita nani?"

Hatibu, aliyekuwa amebaki nyuma na amekwisha kuvua koti, alilivaa tena akarudi kukaa. Severin akatazama mlangoni. Wageni walikuwa bado pale uani, na kelele asingeweza kupiga.

Bernadeta hakungoja jibu. Akauvuta waya, akauchomeka ukutani, akainama. Taa iliwaka. Akazungusha taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akaona kitu: vumbi, vumbi tupu, lakini waziwazi, punje kwa punje.

Kisha akamwomba mwalimu kitunguu.