Pingamizi la Mstari Mmoja

Profesa wetu pale Leuven, Ubelgiji, hakutaka kuchagua mwenyewe. Nafasi ya mafunzo kazini Brussels ilikuwa moja, nasi tuliosomea shahada ya uzamili ya utawala wa Ulaya tulikuwa kumi na wanne. Akatuambia tumchague mmoja wetu kwa utaratibu wa kimya, kama wafanyavyo wakubwa wa Umoja wa Ulaya: mwenyekiti anatuma andiko lenye jina moja kwa barua pepe, anaweka saa ya mwisho, na asipotokea wa kupinga, limepita.

Kila mtu alijua nafasi ni ya Radostina, msichana wa Vidin, Bulgaria, aliyezijua kanuni kuliko sisi tuliozaliwa jirani na ofisi za Brussels. Akiikosa, angerudi kwao kuchuma pilipili. Nilikaa naye chumba kimoja, naye alinisahihishia insha hata nisipomwomba. Hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kusema.

Mwezi wa Machi baba yake akafa. Akakata tiketi ya basi la Sofia, siku mbili njiani. Mlangoni akanishika mkono.

"Machteld, shoga yangu, kuna kipande cha njia simu yangu haitashika. Andiko likija na jina jingine, andika mstari mmoja tu: Radostina anapinga. Thibault nimeshamwambia nimekuachia wewe."

Nikamwambia aende salama, asiwe na wasiwasi.

Thibault ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kijana wa sauti ya upole na shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Alinikuta kwenye foleni ya chipsi, akanipa pole kwa msiba wa mwenzangu, kisha akauliza basi linapita wapi. Nilijua anataka nini. Hungaria simu inatumika kwa bei ya nyumbani, Bulgaria vilevile. Serbia iliyo katikati si mwanachama wa Umoja, bei huko hupaa, na Radostina huzima intaneti mpakani. Kanuni hiyo tulishaifanyia mtihani.

"Serbia," nikamwambia. "Anaingia alfajiri ya Alhamisi."

"Ahsante. Nikuagizie na mayonezi?"

Andiko lilikuja Alhamisi saa moja asubuhi, mwisho saa sita mchana. Jina lilikuwa la Thibault. Wengine walinyamaza, kila mmoja akimtegea mwenzake. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta na kahawa yangu. Sikuahidiwa kitu wala sikutishwa. Nilichoka tu kumwona Radostina yuko sahihi kila siku. Kengele za kanisa zilipogonga saa sita nikafunga kompyuta, nikaenda kufua.

Radostina alirudi baada ya wiki, ameshasoma kila kitu. Hakupiga kelele. Aliweka mezani chupa ya rojo la pilipili hoho nyekundu, akakaa.

"Uliliona andiko?"

"Nililiona."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tano."

Akatikisa kichwa, jambo ambalo kwao ni kukubali. "Basi, andiko limepita kihalali. Kanuni ni kanuni."

Kisha akakata mkate, akaupaka lile rojo hadi pembeni, akanisogezea sahani.

"Kula. Baba alilipika tangu vuli, akaandika jina lako kwenye kifuniko. Nilimwambia huku nina dada."

Nikala. Lilikuwa tamu. Alinitazama mpaka nikamaliza kipande chote, ndipo akainuka kufunga masanduku yake.