Shashi Tatu za Shangazi

Asubuhi ile, ukumbini mtaa wa Kimironko, makalio yangu yalikataa kiti. Nilikaa, nikainuka, nikakaa upande, nikajidai natafuta kiatu. Ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia jinsi plastiki inavyoharibu dunia, na sote tulikuwa tumekalia viti vya plastiki. Nilitaka kucheka. Sikuweza, maana kulikuwa na plastiki nyingine mezani, na aliyeiweka ni mimi.

Joselyne, binti wa kaka yangu, aliacha kushona nguo sokoni ili atengeneze vikasha vya kutia unga wa karanga. Anachukua maganda makavu ya mgomba, yale sisi tunawashia moto, anayasuka, anayapaka nta ya nyuki, juu kifuniko cha maganda hayohayo. Hakuna gundi, hakuna nailoni. Waandaaji wa mashindano ya vifungashio visivyo na plastiki walisema kitakachoshinda kitapokelewa na maduka manne makubwa. Kisiposhinda, anarudi kwa Bertrand fundi cherehani kumwambia, "Nisamehe, patron, nipe nafasi yangu." Na Bertrand ana mdomo, mtaa mzima ungejua kabla ya saa sita.

Sasa Alhamisi mvua ilinyesha. Joselyne akaenda kusuka nywele, akaniachia vikasha vitatu vya mashindano. Nikagusa kimoja, nikahisi ubaridi. Mimi nimelelewa Buyenzi, kule Bujumbura. Unga wa karanga ukilowa naujua, hata mbuzi anaukimbia. Nikapapasa chini ya godoro, nikatoa shashi tatu, ile mifuko myepesi ya nailoni iliyopigwa marufuku hapa miaka mingi. Nilizipata wapi? Polisi hajaniuliza, na wewe usiniulize. Kila kikasha nikakitia shashi yake, unga ndani yake, nikafunika, nikajisifu.

Nilidhani waamuzi watatazama kwa nje tu, kama watu wanaotazama bibi harusi.

Kumbe Kiprotich, mwamuzi mkuu, Mkenya mrefu mwenye suruali fupi, akasimama na kusema: "Tutafungua kila kimoja. Tukikuta plastiki, hata uzi, kinatoka."

Joselyne akanishika goti. "Shangazi, una nini? Umekalia siafu?"

"Mkojo."

"Umeshaenda mara tatu!"

"Uzee hauhesabu, mwanangu."

Wakapita meza kwa meza. Uyoga wa Kanyange kwenye vipande vya mianzi: wakafungua. Mayai ya mzee Nshimiyimana, yamefungwa kwa majani makavu, moja baada ya jingine kama shanga: wakafungua, wakayatikisa, hakuna lililopasuka. Kisha wakafika kwetu. Kiprotich akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

Kwetu mgeni hapewi kitu kabla mwenyeji hajaonja mbele yake, ili ajue hakutiliwa sumu. Nikaruka.

"We mwanangu! Utafunguaje kabla sijaonja? Unataka watu waseme mimi mchawi?"

Leah, mwamuzi wa pili, Mtanzania, akacheka. "Mwache bibi afuate mila."

Nikawapa mgongo. Nikafungua, nikamwaga unga ndani ya kikasha, shashi ikaingia kifuani, nikalamba kidole. "Hakuna sumu!" Nikachukua cha pili.

"Kimoja kinatosha, bibi," Kiprotich akasema.

"Siku hizi hakuna wa kumwamini. Hata mimi."

Cha pili kikapita, ila unga mkavu ulishanishika koo. Kwa cha tatu nikakohoa. Nikakohoa mpaka unga ukaruka kama vumbi la barabara, na nilipogeuka kuomba maji, shashi ilikuwa imening'inia kidoleni mwangu, mbele ya ukumbi mzima.

Joselyne akafumba macho.

Uongo ninaujua, ninao wa kila saizi. Siku ile nilitafuta mmoja, sikuupata.

"Ni yangu," nikasema. "Yeye hajui. Kifuani ziko mbili nyingine, nitazitoa mwenyewe, msinipapase."

"Kwa nini, bibi?"

"Sikukiamini kikasha chake."

Neno hilo ndilo lililomchoma Joselyne kuliko shashi. Nilimwona. Hakulia. Alichukua kikasha cha kwanza, akakaza kifuniko, akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunawia, akakizamisha. Akakishikilia chini, macho yake kwangu, si kwa waamuzi. Mimi nikasimama mguu huu, nikasimama mguu ule. Hatimaye akakitoa, akakipangusa kwa kitenge, akafungua, akapuliza. Unga ukaruka ukamjaa Kiprotich kwenye nyusi.

Ulikuwa mkavu.

Waamuzi wakanong'ona muda mrefu. Leah alikuwa anapiga meza kwa kidole: "Shashi si sehemu ya ubunifu wake!" Kiprotich akitikisa kichwa: "Kanuni ni kanuni." Mwisho ushindi ukaenda kwa mayai ya mzee Nshimiyimana. Joselyne akapewa cheti cha kutambuliwa, na duka moja, si manne, duka moja la Kabuga, likataka vikasha thelathini vya majaribio katika wiki mbili.

Nje akatembea mbele, nami nyuma namkimbilia.

"Mwanangu, sema basi. Hata nitukane."

Akasimama. "Vikasha thelathini. Mimi nasuka, wewe unapaka nta."

"Vidole vyangu vina baridi yabisi."

"Utapaka. Kila kimoja utakizamisha kwenye ndoo mwenyewe, mpaka uamini."

"Na nikiamini cha kwanza?"

"Vitabaki ishirini na tisa."