Samaki Aliyepigwa Mnada

Asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno ukungu ulikuwa umelijaza bonde hadi ukingoni mwa mashamba ya kabichi, ukatulia humo kama maziwa katika bakuli, na vilele vya ng'ambo vikachomoza juu yake mithili ya visiwa. Esteria alisimama nje ya jiko la bibi yake, kitenge mabegani, meno yakigongana kwa baridi, akacheka peke yake. Bahari ilikuwa imemfuata hadi Lushoto! Kwa mtu aliyekuwa anakwenda kumwingiza nabii Yona tumboni mwa samaki siku hiyo hiyo, ile haikuwa hali ya hewa tu. Ilikuwa baraka.

Esteria alikuwa akisoma fasihi chuo kikuu, Dar es Salaam, na tasnifu yake ilihusu taswira za vilindi na hatari katika Maandiko: bahari inayonguruma, shimo lisilo na ngazi, tope lisilokanyagika, maji yanayopanda hadi shingoni. Kila aliyekutana naye likizo ile alipata fungu lake la somo hilo, atake asitake. Aliyepata fungu kubwa kuliko wote ni Bibi Dorkasi, aliyemlea tangu utoto.

"Kwa hiyo huko baharini ndiko aliko shetani?" Bibi aliwahi kumuuliza wakimenya viazi.

"Siyo shetani, Bibi. Ni taswira. Kilindi ni kila kinachotuzidi kimo. Na ajabu yake ni kwamba humo ndimo sala zinamosikika kuliko mahali pengine popote."

"Basi waliozama wote wangekuwa wachungaji," Bibi alisema, akatupa ganda la kiazi.

Esteria hakukata tamaa. Alipenda hasa ile safari ya Yona, anayezama na kuzama mpaka anafika kwenye mashina ya milima. Kumbe milima nayo ina mizizi yake huko chini! Aliona ni aibu kwamba watu waliozaliwa na kuzeekea milimani hawajawahi kuhubiriwa habari hiyo ipasavyo. Akawaandikia vijana wa usharika igizo, akawaomba wazee wa kanisa kwa unyenyekevu mkubwa, nao wakakubali kwa sharti kwamba lisizidi urefu wa wimbo mmoja wa kwaya. Kwa kuwa nyimbo za kwaya kule hazina haraka ya kwisha, Esteria aliona amepewa muda wa kifalme.

Samaki alijengwa na Heri, seremala kijana aliyekuwa pia nguzo ya besi katika kwaya. Mbavu zilikuwa za mianzi. Ngozi ilikuwa turubai la buluu, waliloazimwa na Mama Raheli, mjane mkulima wa karoti mwenye ulimi mkali na moyo mpana. Na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya mavuno, Esteria alishauri samaki apambwe kwa mazao. Magamba yakawa majani ya kabichi, meno yakawa mahindi, macho yakawa maboga mawili yasiyolingana, na puani zikaning'inia karoti ndefu.

"Samaki gani ana sharubu?" Heri aliuliza.

"Kambale."

"Yaani Yona alimezwa na kambale?"

"Maandiko hayakutaja kabila la samaki," Esteria alijibu, na wote wawili wakacheka hadi wakaegemea ukuta wa chumba cha kwaya.

Hayo yalikuwa ya Jumamosi alasiri. Heri aliingia tumboni kupima nafasi, na Esteria akawa anaonyesha kwa sindano ya magunia jinsi atakavyokishona kinywa kwa kamba ya katani, ili Yona asichungulie kabla ya wakati wake. Ndipo sauti ya besi ilipotoka ndani ya turubai.

"Esta."

"Nami."

"Keshokutwa unarudi Dar."

"Ndiyo."

"Nataka kumleta mshenga kwa Bibi Dorkasi. Aje, asije?"

Sindano ilisimama hewani. Moyo wa Esteria ulifanya jambo ambalo hakuwahi kulisoma kokote. Ulipaa na kuzama kwa wakati mmoja. Akafungua kinywa, na yaliyotoka yalimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Unajua, Heri, tumbo la samaki ni taswira yenye pande mbili. Upande mmoja ni kaburi, lakini upande wa pili…"

"Mama wee! Nimekuuliza swali moja, unanipa sura nzima ya tasnifu."

"Nafikiri!"

"Haya, fikiri. Lakini kesho mwenye kisu cha kunifungulia ni wewe. Nikitoka humu, sura ya kwanza kuiona itakuwa yako. Unijibu hapo hapo. Ukinyamaza nitajua ni hapana, wala sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Jibu Esteria alikuwa nalo tangu kidato cha tatu. Kilichomshinda kilikuwa kulitamka. Alikuwa mtaalamu wa vilindi ambaye hata mto wa bondeni hakuwahi kuuvuka kwa miguu. Huvua viatu, huvishika mkononi, huyatazama maji kwa heshima zote, kisha hurudi kupitia darajani.

Jumapili ya sikukuu ikafika, na kanisa likafurika. Wakati wa kutoa mazao, vijana wenye nguvu walimbeba samaki kutoka chumba cha kwaya, Heri tayari ameshonewa tumboni, wakamweka mbele ya madhabahu kati ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Mpango ulikuwa wazi: Esteria angesoma utangulizi, angemgonga samaki mgongoni, na Heri angeanza sala ya Yona. Kisu kidogo cha jikoni kilikuwa kimefungwa katika pindo la kitenge chake.

Lakini siku hiyo walikuja wageni, na wageni walikuja na kwaya. Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili ikajibu, ya tatu ikaona isipitwe. Mwisho mzee wa kanisa aliyeongoza ibada alitazama saa yake, akatangaza kwamba igizo la vijana litafanyika siku nyingine, Mungu akipenda. Neema ikatolewa. Na Heri, aliyekuwa amekesha akipigilia mianzi, hakusikia hata neno moja, kwa sababu kule tumboni, gizani, katika joto la majani ya kabichi, alikuwa amelala fofofo.

Esteria alijaribu kumkimbilia, akakwama. Watu wa kule hutoka kanisani kwa mstari, wakiimba na kupeana mikono, na kila mzee aliyesimama mstarini lazima aamkiwe. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama. Shikamoo, babu." Shikamoo haina njia ya mkato. Na kila aliyeitikia "marahaba" aliushika mkono wake na kuuliza habari za Dar, za masomo na za joto. Juu ya mabega ya mzee mmoja alimwona samaki akitolewa mlango wa pembeni na vijana wa wageni wasiojua kitu, mkia mbele, pamoja na mazao mengine yote.

Ndipo alipokumbuka mnada. Vyakula vilivyotolewa hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na desturi ya usharika wao haikuwa na mjadala: kilichowekwa mbele ya madhabahu ni cha Bwana, hakirudi kwa mtu yeyote bila kununuliwa. Na samaki yule, kwa meno yake ya mahindi na magamba yake ya kabichi, nani angemdhania kuwa si mavuno?

"Samaki! Samaki wa mlimani!" Mzee Zabron, mnadi wa usharika, alikuwa tayari juu ya benchi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. "Tangu Mungu aumbe milima hii, samaki wa namna hii hajavuliwa! Ana kabichi, ana karoti, ana mahindi. Huyu ni shamba zima linaloogelea! Nani ananipa bei ya jogoo?"

"Hilo turubai ni langu!" Mama Raheli alipiga kelele.

"Lilikuwa lako, mama. Limepita madhabahuni."

"Niliwaazima tu!"

"Basi umemwazima Mungu. Nunua!"

Watu walicheka wakashikana. Mama Raheli akashika kiuno, akalipandisha dau hadi bei ya jogoo na tetea wake. Mzee Zabron, kwa kuonyesha uimara wa bidhaa, akamgonga samaki mgongoni kwa fimbo yake.

Ndani, Heri akazinduka. Amegongwa. Kumbe wakati umefika! Akajaza mapafu.

"Ee Bwana! Nimeshuka hadi kwenye mashina ya milima, na giza limefunga mlango nyuma yangu!"

Uwanja ulilipuka. Kina mama walikimbia hatua chache, wakarudi wakicheka. Kuku mmoja alikata kamba akatoweka. Mzee Zabron aliruka kutoka juu ya benchi, akapanda tena, akajifuta jasho, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mnadi aliyepata bidhaa ya ndoto zake.

"Anasali! Wapendwa, samaki huyu anasali! Na ni besi! Nani ananipa bei ya debe la viazi?"

"Mawimbi yote yamepita juu ya kichwa changu!" Heri alinguruma.

"Debe la viazi!" alisema Mama Raheli. "Na huyo aliyemo ndani atanilimia karoti hadi Krismasi."

"Gunia!"

Sauti hiyo ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu aliisikia. Esteria alikuwa amejipenyeza hadi mbele, kilemba kimelegea, mkono mmoja juu kama mwanafunzi darasani.

"Shikamoo, Mzee Zabron," aliongeza haraka, kwa kuwa adabu ni adabu. "Natoa bei ya gunia."

"Marahaba, binti." Mzee Zabron alimtazama, akamtazama samaki, akainamisha kichwa kama jogoo anayechungulia punje. "Gunia kwa turubai kuukuu? Mama Raheli tunajua anataka turubai lake. Wewe je, unanunua nini humu?"

Kicheko kikakatika. Hata Heri, aliyehisi kwamba bahari imetulia ghafla, alitega sikio.

Esteria aliona macho ya usharika mzima: ya kwaya zote tatu, ya mchungaji, ya Bibi Dorkasi mwenye kiazi kitamu mkononi. Angeweza kusema ni igizo. Angeweza kueleza taswira. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari, mazuri, yenye pande mbili. Safari hii hakuvua viatu wala hakutafuta daraja.

"Namtaka aliyemo ndani," alisema.

Kisha samaki akatikisika, boga moja likadondoka, na besi ikauliza polepole:

"Nani huyo kasema?"

"Mwenye kisu!"

Vigelegele vilivyopanda hapo viliutimua ukungu wote uliosalia bondeni. "La kwanza, la pili, limekwenda!" Mzee Zabron alipaza sauti kabla mtu hajabadili nia. "Turubai kwa Mama Raheli, yaliyomo kwa binti! Bwana amepata mara mbili!"

Esteria alipiga magoti mbele ya kinywa cha samaki, akakata katani. Ilitoka miguu kwanza, kwa kuwa Heri alikuwa amegeuka usingizini, kisha shati lililojaa kabichi, kisha uso uliochujuka kwa joto, macho yakipepesa kwa mwanga. Sura ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya Esteria.

"Aje, asije?" alinong'ona.

"Aje," Esteria alisema. "Mshenga aje. Aje leo hii hii, kabla ya chakula cha mchana!"

Heri alifungua kinywa, akachomoa sharubu moja ya samaki na kuanza kuitafuna, kwa maana hakujua afanye nini kingine na furaha ile.

Bibi Dorkasi alisogea akawatazama wote wawili kuanzia juu hadi chini.

"Na hii nayo ni taswira?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Huyu ni Heri."

Nyuma yao Mama Raheli alikuwa ameshika pembe za turubai lake na kulikung'uta kwa nguvu, majani ya kabichi yakiwamwagikia wageni na wenyeji bila ubaguzi. Alilikunja, akalibana kwapani, akaja moja kwa moja kwa Bibi Dorkasi na kupiga goti kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Mshenga ni mimi," alisema. "Nimekwisha lipia."